Mnyama wa Kwanza wa Kwenye Kioo: Chagueni Anayeyajua Maji Yetu



Mama mmoja wa chama chetu ametuletea swali pamoja na picha kwenye simu. Mdogo wake anayeishi Ubelgiji ameweka sebuleni sanduku kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, ndiyo akwariamu, na ndani yake matumbawe ya rangi yanayopepea kama maua. Watoto wa mama huyu wameiona picha hiyo, na sasa hawalali: wanataka kitu cha namna hiyo hapa Uvira. Anauliza, mtu anayeanza achague nini kisichokufa upesi?

Swali hili si la mchezo. Mtoto akiona wanyama wanakufa mmoja baada ya mwingine, na kila mara mzazi ananunua mwingine, anajifunza kwamba chenye uhai ni kama karatasi ya pipi: kikiisha kinatupwa. Akiona mnyama anatunzwa, anakua na kuzaa, anajifunza kinyume chake. Kwa hiyo tulijibu polepole.

Tuanze na matumbawe yenyewe. Tumbawe si jiwe wala ua. Ni mnyama, na mara nyingi ni wanyama wadogo wengi walioshikana. Ndani ya miili ya mengi yao wanaishi mimea midogo sana inayotengeneza chakula kwa mwanga, na tumbawe hula sehemu ya chakula hicho. Waliozoea kazi hii humwambia anayeanza aache kwanza matumbawe magumu yenye matawi ya chokaa, kwa sababu hayo yanadai taa kali na maji yasiyobadilika. Aanze na yale laini: Discosoma yenye umbo la uyoga bapa, au Sarcophyton inayofanana na ngozi. Zoanthus, ambayo ni kama vifungo vya nguo, nayo ni ngumu kufa, lakini baadhi ya jamaa zake wana sumu kali sana. Haishikwi ovyo, na watoto hawaigusi kabisa.

Hata hayo laini yanahitaji bahari. Lita 1 ya maji inataka karibu gramu 35 za chumvi ya kazi hiyo, siyo chumvi ya jikoni. Sanduku la lita 100 linakula kilo 3 na nusu za chumvi kabla mnyama hajaingia, na kila mnapobadilisha maji mnapima tena. Taa inawaka saa nyingi kila siku, na mashine ya kuzungusha maji haipumziki. Kwetu umeme unakuja na kuondoka, na bahari iko mbali zaidi ya kilomita 1000. Tumbawe linaloitwa vumilivu kule Ubelgiji, hapa litakuwa mgonjwa.

Hapo ndipo tulipoona jambo ambalo tunataka mlishike. Uvumilivu haumo ndani ya mnyama peke yake. Umo katika mnyama kupatana na maji ambayo mwenye nyumba anaweza kumpa kila juma bila kuhangaika. Sasa tazameni mlangoni petu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1470, na duniani ni Baikal ya Urusi tu inayolipita kwa kina. Lina zaidi ya aina 200 za samaki wa ukoo mmoja ambao wataalamu huwaita sikilidi, na karibu wote hawapatikani penye maji mengine yoyote. Kuhe mnayemkaanga ni wa ukoo huo, tena ndiye mkubwa kuliko wote. Wadogo zake wanafugwa katika vioo vya Ulaya, Marekani na Japani. Wafugaji wa huko hutia madini katika maji ya bomba ili yafanane na ya ziwa letu, ambayo ni mazito na makali kidogo kwa madini. Wao wanayatengeneza kwa fedha. Sisi tunayachota kwa bidoni.

Kati ya hao, tumechagua watatu kwa mtu anayeanza.

Wa kwanza ni Lamprologus ocellatus. Ni mdogo, dume lake halifiki urefu wa kidole kirefu, na anaishi ndani ya gamba tupu la konokono. Anachimba mchanga kwa mdomo, anafukia gamba mpaka mlango tu unaonekana, na humo jike anataga. Lita 80 zinamtosha dume 1 na majike 2 au 3. Wekeni magamba mengi kuliko samaki, wasigombane. Mtoto hachoki kumtazama.

Wa pili ni Neolamprologus brichardi, mwenye mkia kama uzi wa mwezi mchanga. Mtaalamu Mbelgiji Max Poll alimpa jina hilo mwaka 1974 kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa ziwa hili kutoka Bujumbura. Huyu ana tabia ambayo sisi wazazi tungeipenda: watoto wakubwa hawaondoki, wanabaki kulinda wadogo zao. Lakini familia ikianza kuzaa haipendi wageni, basi msimchanganye na wengine katika sanduku dogo.

Wa tatu ni Julidochromis marlieri, mwenye madoa ya miraba myeusi na meupe. Anaishi kati ya mawe, dume na jike pamoja. Mpangieni mawe mara moja na kuyaacha. Ukiyahamisha ili kusafisha, mume na mke wanaweza kupigana hadi mmoja afe, kwani mipaka ya nyumba yao imevurugwa.

Wapo pia wa kuwaacha. Tropheus ni mzuri sana, lakini anataka kundi kubwa, anakula mwani, na akipewa chakula kizito tumbo linavimba na anakufa. Cyphotilapia frontosa, yule mwenye nundu kichwani, anapita sentimita 30. Samaki huyo hawezi kuishi kwenye meza ya sebuleni.

Mkishachagua, msikimbilie kumleta. Kuna jambo ambalo watu wengi hawaelezwi, nalo ndilo linaloua samaki wengi katika juma la kwanza. Samaki anakojoa na kupumua ndani ya maji anayoishi, na uchafu wake unatoa sumu iitwayo amonia. Katika ziwa inapotea kwa wingi wa maji. Katika kioo inabaki. Na katika maji makali kama yetu, amonia inauma zaidi kuliko katika maji laini ya mito. Dawa yake ni viumbe vidogo visivyoonekana, ambavyo hujenga makao juu ya mawe na mchanga na kuigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na ukali. Viumbe hivyo vinahitaji majuma 4 hadi 6 kuongezeka.

Kwa hiyo wekeni mchanga, mawe, maji na pampu ndogo ya hewa. Tieni chembe chache za chakula kila siku, bila samaki, mungojee. Watoto watalalamika, na ninyi wape kazi: waweke alama kwenye kalenda, wachore jinsi mawe yanavyobadilika rangi. Kisha ingizeni samaki 2 au 3, si 10. Lisheni kidogo, kiasi wanachokimaliza kwa dakika 2. Mabuu ya mbu kutoka kwenye beseni la maji ya mvua ni karamu kwao, na kila buu lililoliwa ni mbu asiyeruka usiku. Kila juma toeni sehemu 1 kati ya 5 ya maji na kurudisha mengine yenye joto lile lile. Siku umeme ukikosekana, samaki wachache wanaokoka. Choteni maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu mara kwa mara, hewa iingie. Sanduku lililojaa samaki haliokoki.

Sasa maneno mazito, na hapa tunasema kama walimu na kama wazazi. Mji wetu unakijua kipindupindu, na maji ya ziwa yasiyotibiwa yanaweza kukibeba. Bidoni ya akwariamu iwe ya akwariamu tu, ipakwe rangi ili hata mtoto mdogo aijue. Msichote pale panapofuliwa nguo, kwani sabuni inaua samaki. Maji ya ziwa yana kichocho pia, kwa hiyo achote mtu mzima bila kuingia majini, na maji yakae ndani ya bidoni iliyofungwa siku 2 kabla ya kutumika. Magamba ya konokono yachemshwe. Konokono hai asiingie nyumbani. Kila anayetia mkono ndani ya kioo anawe kwa sabuni.

Na ziwa lenyewe lina wenyewe. Mama wengi wa chama hiki wanaishi kwa ndagala na mikeke. Kabla ya kukamata hata samaki mmoja, ulizeni ofisi ya uvuvi ya eneo. Chandarua cha mbu kisitumike kamwe, maana kinakomba hata watoto wa samaki ambao ndio mavuno ya mwakani. Chukueni wachache tu, kutoka kwa mvuvi mnayemjua. Na siku mkichoka kuwatunza, msiwapeleke kuwatupa upande mwingine wa ziwa. Mpeni jirani au shule inayowataka. Samaki wa mawe wa pwani moja si sawa na wa pwani nyingine, na magonjwa ya kwenye kioo yasirudi majini.

Kwa mama aliyeuliza, jibu letu ni hili: aanze na ocellatus wawili au watatu, magamba manane, mchanga kiasi cha vidole vinne, na majuma sita ya kungoja. Watoto wakivumilia majuma hayo sita, watakuwa tayari kutunza kilicho hai.

Juma lijalo tutazungumza juu ya daftari za watoto na jinsi ya kuzihifadhi zisilowe msimu wa mvua. Mwenye swali alilete siku ya mkutano, au amtume mtoto nalo shuleni.

Mbaki na amani.