Jina la njiani



Mtoto wa jumuiya yetu ya watu wa Maniema akiulizwa kwao ni wapi, siku hizi anajibu: Nyarugusu. Hasemi uongo. Kambi hiyo ya wakimbizi ya Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa mwaka 1996, na vijana wetu wengi walizaliwa humo. Lakini koko zake, yaani babu na bibi zake, ni watu wa Lusangi, kule Maniema ya kusini nchini Kongo, na safari ya watu wetu kwenda ziwani haikuanza na vita vya mwaka ule.

Njia ya Kasongo, Kabambare, Ziwa Tanganyika hadi Ujiji ni ya zamani. Katika karne ya 19 ilipitisha pembe za ndovu pamoja na waliozibeba: wapagazi, askari wa bunduki, na watu waliofungwa minyororo. Mfanyabiashara Tippu Tip alikuwa na makao Kasongo. Tarehe 15 Julai 1871, jirani na hapo, Nyangwe, wafanyabiashara wenye bunduki waliwamiminia risasi watu waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yakaiteka Kasongo, na watu wakazidi kutawanyika. Nyumbani walikuwa Wabangubangu, Wazimba, Wakusu. Walipofika Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam, wote wakaitwa Wamanyema. Msikiti wa Manyema upo Kariakoo, Dar es Salaam, hadi leo.

Kuna mahali wazee wetu wakifika katika masimulizi hupita haraka. "Tulikuja kwa biashara," wanasema, na baadhi walikuja hivyo kweli. Wengine waliletwa. Humo njiani, mtu aliyenunuliwa jana alijiita muungwana, yaani mtu huru, na Kiswahili chetu kikaitwa Kingwana kutokana na neno hilohilo. Mimi nasikia humo sauti ya watu waliokataa kuwa mali ya mtu. Sioni kwa nini tuwafiche wajukuu habari hiyo.

Ndiyo maana katika toleo lijalo la jarida letu tumetenga kurasa mbili kwa ajili ya vijiji, koo, mito na njia mlizopita. Tuleteeni hata neno moja la Kibangubangu. Koko akisema mwaka haukumbuki, msimbane. Muulizeni chifu alikuwa nani, shambani kulikuwa na nini siku walipokimbia, na ziwa walilivuka kwa mtumbwi wa nani. Anzeni na walio wazee zaidi. Mwezi uliopita tulimzika mama mmoja ambaye daftari letu la kukusanyia habari hizi lilikuwa bado halijafika kwake.