Treni za mvuke Uingereza: ufundi usizikwe pamoja na wazee

Tarehe 11 mwezi wa nane 1968, shirika la reli la serikali ya Uingereza, British Rail, lilifunga safari za treni za mvuke kwenye njia zake kubwa. Vichwa vingi vya treni vilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Lakini hadi leo treni za mvuke zinabeba abiria katika inchi hiyo. Wako wanaosema ni mchezo tu wa wazee wanaopenda mambo ya zamani. Wanakosea.

Ikumbukwe kwamba si serikali iliyoanzisha kazi hii. Mwaka 1951, huko Wales, raia wa kujitolea walichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa karibu kufa, wakaiendesha wenyewe. Baadaye, katika uwanja wa chuma chakavu wa Barry, wapenzi wa reli walinunua na kuokoa vichwa 213, kimoja baada ya kingine.

Somo kubwa zaidi linatoka kwa Tornado. Vichwa 49 vya aina yake vilikatwa vyote, hakikubaki hata kimoja. Wapenzi wa reli wakaamua kujenga kipya. Kazi ilianza 1994, ikaisha 2008, ikala karibu pauni milioni 3. Na boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji, lilitengenezwa Meiningen, Ujerumani. Inchi iliyofungua reli ya Stockton na Darlington mwaka 1825 ilikwenda kutafuta fundi kwa jirani!

Hapo ndipo penye shida. Chuma kinaweza kununuliwa, lakini mkono unaokijua hauuzwi sokoni. Kila baada ya miaka kumi hivi, kichwa cha treni kinafunguliwa, boila linakaguliwa na kutengenezwa upya. Wengi wanaofanya kazi hiyo bila mshahara ni watu waliokwisha kustaafu. Wakiondoka bila kumfundisha mtu, treni zitabaki sanamu za kupigia picha.

Kwa hiyo, vyama vya reli hizo visitosheke na kupaka rangi na kuuza tiketi. Kila mzee karakanani awe na kijana pembeni yake, mwenye nyundo mkononi, na sehemu ya pesa za wageni imlipe kijana huyo. Kuokoa treni bila kuokoa ufundi wake ni kuahirisha mazishi tu.