Haruni wa Kusimama Naye
Katika vijiji vya Kalenga, kando ya mto Ruaha Mdogo, mchungaji wa Kilutheri hawezi kufika kila mtaa kila Jumapili. Anayeshika ibada ni mwinjilisti, mara nyingi mkulima aliyeshinda shambani jana yake akipalilia mahindi. Ndiyo maana huniuma kumsikia mama mwenye karama ya wazi, kitabu chake cha nyimbo kimeviringishwa ndani ya kitenge, akikataa kusimama mbele kwa kuwa aliishia darasa la saba. Tunasema huo ni unyenyekevu, mimi nauona ni woga uliovishwa kanzu. Musa alijitetea kwa ulimi mzito, Yeremia kwa utoto wake, na Mungu hakuwabembeleza kwamba ni hodari: aliahidi kuwa pamoja nao, kisha Musa akapewa Haruni wa kumsemea. Haruni huyo ndiye tunayemsahau! Na Kanisa lina deni, maana ni mwaka 1990 ndipo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliporidhia wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji. Kabla ya hapo wangapi walizoezwa kujitilia shaka? Wazee wa usharika, mfuateni mama huyo nyumbani kwake wiki hii, mpeni somo moja alisome Jumapili, na mmoja wenu asimame kando yake.