AFYA YA JAMAA: Dawa mpya kwa wazee wa dawa

Mwezi huu tunajibu swali linalorudi kila mara kutoka kwa wale wanaopanda basi kwenda Kampala kutafuta maisha pale Nakivubo. Wanarudi na viatu vya mitumba, wanarudi na vitenge, na wanarudi na maneno. Neno lenyewe ni hili: eti kidonge kipya cha virusi, kile cha TLD, ni kizuri kwa mtu anayeanza leo, lakini aliyemeza dawa za zamani miaka kumi kitamharibu mwili na kumletea sukari.

Kwa sababu ya neno hilo wako wanaoficha chupa mpya chini ya godoro na kurudia vidonge vya zamani vilivyobaki. Wengine wanameza vyote viwili, ati wasikose. Hapo ndipo tunapoogopa sisi.

Woga wenyewe hatuulaumu. Waliotumia stavudine wanakumbuka miguu kuwaka moto usiku, mashavu kubonyea, mafuta kuhama na kukaa tumboni. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2009 dawa hiyo ianze kuachwa. Nevirapine nayo ilitoa watu vipele, na efavirenz ndoto za ajabu. Mtu aliyepita njia hiyo akiambiwa “tunakubadilishia”, lazima aulize.

Sasa TLD ni nini? Ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja cha kila siku: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Iliyo ngeni kwa wengi ni hiyo ya tatu. Uganda ilianza kuigawa mwaka 2018.

Habari ya sukari haikutungwa sokoni. Ilitoka Mulago, hapo hapo Kampala, kwa waganga wa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza inayoitwa IDI. Waliangalia wagonjwa 3,417 waliohamishiwa dolutegravir, wakakuta 16 sukari imewapanda. Kati ya 3,230 waliokuwa kwenye dawa zingine, alikuwa 1 tu. Walitangaza hayo mwaka 2020, hawakuficha. Kwa hiyo jambo lipo, bwana, lakini pimeni: ni kama mtu mmoja katika 200. Ukiona kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara, macho kuona ukungu, au mwili unakonda ghafla katika miezi ya kwanza, nenda kliniki upimwe sukari siku hiyo hiyo. Usiache dawa mwenyewe. Kama tayari una sukari na unameza metformin, mwambie mganga, ju dolutegravir inaongeza nguvu yake mwilini na kipimo hicho hakitakiwi kupita miligramu 1,000 kwa siku.

Swali la pili ni zito zaidi: dawa za zamani zikishindwa kwangu, je, hii itafanya kazi? Virusi vya mtu aliyekosa kosa vidonge hujifunza kuizoea dawa. Uchunguzi unaoitwa NADIA ulifanyika Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa watu 464 ambao dawa za kwanza ziliwashindwa. Wengine walipewa dolutegravir, wengine darunavir. Baada ya wiki 48, pande zote mbili watu zaidi ya 90 katika kila 100 virusi vyao vilikuwa vimeshuka vizuri. Hata tenofovir, ambayo wengi walikuwa wameshaitumia na ikadhaniwa imechoka, iliendelea kusaidia. Lakini ilipofika karibu miaka miwili, watu 9 wa upande wa dolutegravir walionekana virusi vyao vimeanza kuizoea. Ni wachache, ila inatuonyesha kwamba kidonge hiki kina nguvu nyingi na bado kinaweza kushindwa. Ndiyo maana mzee wa dawa asikubali kuruka kipimo cha wingi wa virusi. Damu inachukuliwa dakika moja. Kaa kwenye foleni.

Akina mama, mwaka 2018 kulitoka onyo kutoka Botswana kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro ya uti wa mgongo, na wengi wenu mlinyimwa dawa hii. Hesabu zilipoongezeka hofu ilipungua, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likasema itumike kwa wote, pamoja na wanawake. Kumbuka tu vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa mkiwa na mimba: mezeni pamoja na TLD wakati wa chakula, au TLD itangulie saa mbili. Dawa za kiungulia zimezwe mbali na TLD; itangulie saa mbili, au isubiri saa sita baada yake.

Wenye TB wasikilize hapa. Dawa ya TB iitwayo rifampicin inapunguza dolutegravir mwilini, kwa hiyo huongezwa kidonge kingine cha dolutegravir saa 12 baada ya kile cha kwanza. Kama unatibiwa TB kambini na ARV unachukulia mjini, mganga mmoja hajui ya mwenzake usipomwambia. Beba kadi zote mbili.

Usingizi ukikukataa, meza asubuhi. Wengine wananenepa, wengi wao wamefurahi, lakini nguo zikianza kubana sana, semeni kliniki.

Anayekwenda Nakivubo kwa wiki nyingi aombe dawa za kutosha kabla ya safari, pamoja na barua. Zikimwishia huko, kituo cha afya cha Kisenyi cha serikali ya jiji kiko jirani, na ARV hazilipiwi. Vidonge vya kukopeshana kibandani hapana, ju aliyekukopesha huenda bado yuko kwenye dawa za zamani na wewe umeshahamishwa.