AFYA YAKO: Jino Lililovikwa Kofia Lataka Kutunzwa

Hapo kale watu wengi wa Ukambani walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa urembo. Siku hizi jino huchongwa kwa sababu nyingine. Jino lililooza sana au kupasuka hupunguzwa pande zote na daktari wa meno, kisha huvikwa kofia ya madini au ya kauri, ambayo wengine huiita taji. Kazi hiyo ina gharama kubwa, na mkulima wa Masii au karani wa Kangundo aweza kutumia akiba ya miezi mingi kwa jino moja tu. Basi yafaa ajue namna ya kulitunza, ili fedha zake zisipotee bure.

Kwanza, msomaji afahamu kwamba kofia yenyewe haiozi, lakini jino lililo chini yake laweza kuoza. Mahali pa hatari ni pale ukingo wa kofia unapokutana na jino, karibu na ufizi. Chakula kikikaa hapo, vijidudu hula sukari iliyomo na kutoa asidi, nayo hulila jino polepole bila mwenyewe kuona.

Siku ya kazi hiyo usile kitu mpaka ganzi iishe, maana waweza kujiuma shavu au ulimi pasipo kujua. Mara nyingi daktari huweka kofia ya muda kwa majuma mawili hivi, huku ile ya kudumu ikitengenezwa. Kofia ya muda imeshikwa kwa saruji hafifu. Kwa hiyo tafunia upande wa pili, na jiepushe na tofi na chingamu. Ikitoka, usiseme, "Si kitu, ilikuwa ya muda tu." Rudi upesi, kwa sababu meno ya jirani yaweza kusogea, na kofia ya kudumu isienee tena.

Kofia ya kudumu ikiisha kuwekwa, si ajabu jino kushtuka kwa maji baridi siku chache. Lakini ukihisi kwamba kofia hiyo hutangulia kugusana kabla ya meno mengine unapouma, usingoje izoee. Mweleze daktari aipunguze. Hiyo ni kazi ya muda mfupi, lakini ikiachwa yaweza kuleta maumivu na hata kulipasua jino.

Kila siku piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floraidi, na usisahau ule ukingo, upande wa nje na wa ndani. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno, hasa wakati wa maembe, kwani nyuzi zake hupenda kukwama hapo. Kama kofia ni ya muda, uzi uvutwe kwa upande, usivutwe kwenda juu, usije ukaing'oa.

Muthokoi haukatazwi, ila maharagwe yachaguliwe vizuri, kwa maana jiwe dogo moja laweza kuvunja kauri. Miwa imenywe kwa kisu. Mifupa na vizibo vya chupa si kazi ya meno, yawe na kofia au yasiwe nayo. Mtu asagaye meno usingizini amwambie daktari, apate kutengenezewa kinga ya kuvaa usiku.

Kofia ya kudumu ikitoka, ioshe, uihifadhi, uende nayo kwa daktari. Usiibandike kwa gundi ya dukani, kwa sababu gundi hiyo yaweza kudhuru ufizi na kuharibu kazi. Ukiona uvimbe, usaha au homa, usikawie hata siku moja.

Kofia iliyotunzwa vema aghalabu hudumu miaka 10 na zaidi. Nauli ya kwenda mjini Machakos kukaguliwa mara mbili kwa mwaka ni ndogo kuliko gharama ya kofia ya pili, na jino likiisha kuoza hadi mzizini, huenda pasiwe na kitu cha kuvika tena. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.