Badilisha stata mwenyewe, hata kama ni mara moja tu

Wasee, leo niko na msimamo mmoja na siubadilishi. Kama uko na gari, au unaendesha ya mzazi kila wikendi, stata ndiyo kazi ya kwanza unafaa kujua kufanya na mikono yako. Si breki, si usukani, si kufungua injini. Stata.

Sababu ya kwanza: ukikosea breki, utajua ukiwa Thika Road, na pengine hutaumia peke yako. Ukizingatia usalama halafu ukosee kufunga stata, mara nyingi gari inakataa tu kuwaka ikiwa palepale kwa paking. Unarudi, unaangalia ni waya gani hukukaza. Kwa gari nyingi ndogo za Japani tunazoendesha, stata inashikwa na bolti 2 au 3 pale injini inapokutana na giaboksi. Ina waya 2 muhimu: mmoja mnene kutoka betri, na mwingine mwembamba unaobeba amri ya funguo. Hakuna oili ya kumwaga.

Sababu ya pili ni chapaa. Gari ikikataa kuwaka saa kumi na mbili asubuhi na uko na mahojiano ya kazi saa mbili, huna nguvu ya kujadiliana na mtu. Bei utakayotajiwa, utalipa. Hapo ndipo vijana wengi tunakamuliwa, na maneno ya kukukamua ni mawili tu: "Stata imekufa."

Binamu yangu aliambiwa hivyo na gereji moja ya mtaani kwao. Akalipa 9,500, akawekewa stata nyingine, akaenda zake akiwa na furaha. Siku tatu baadaye gari ikakataa tena kuwaka. Shida ilikuwa waya wa athi, ule unaotoka kwa betri hadi kwa bodi ya gari. Bolti yake ilikuwa imelegea na imepata kutu. Sandipepa na spana namba 10, dakika kumi, gari ikawaka. Stata yake ya kwanza, ile iliyodaiwa kufa, hakuwahi kuiona tena.

Sisemi stata hazifi. Zinakufa. Kenya hairuhusu gari ya mtumba iliyozidi miaka 8 kuingia, na nyingi tunazonunua zinafika zikiwa karibu na umri huo. Hiyo stata imepigwa maelfu ya mara kabla wewe uone logbuku. Ninachosema ni kwamba kabla ukubali imekufa, uwe umeona maiti.

Kupima ni rahisi kuliko unavyofikiria. Washa taa kubwa, halafu piga stata huku mtu akiziangalia. Taa zikizimika kabisa au kufifia sana, anza na betri na vichwa vyake. Zikibaki kali na husikii kitu chochote, umeme haufiki pale unapotakiwa. Angalia fyuzi na rilei, na kama gari ni otomatiki, jaribu kuwasha ukiwa N badala ya P. Kuna swichi kwa gia inayozuia gari kuwaka ikiwa imeingia gia, na hiyo swichi huchoka.

Halafu sikiliza. Tik-tik-tik-tik ya haraka, mara nyingi ni betri imeisha. TAK moja nzito kisha kimya, na betri iko sawa, sasa unaweza kuanza kushuku stata yenyewe. Ukisikia wiii, motor inazunguka lakini injini haizunguki, kile kigia kidogo cha mbele hakishiki meno ya injini.

Kisha nunua mita ya volti. Ile ya bei rahisi inatosha, na bei yake ni kidogo kuliko pizza ya wikendi. Betri iliyojaa na iliyopumzika inasoma kama volti 12.6. Ikiwa chini ya 12.2, chaji kwanza kabla hujalaumu mtu. Mtu akipiga stata, usomaji ukianguka chini ya volti 9.6 hivi, shuku betri kwanza. Mwisho, pima pale kwa stata. Kama waya mnene uko na umeme, na ule mwembamba unapata umeme funguo ikizungushwa, na athi iko sawa, lakini stata imenyamaza, sasa ndiyo useme stata imekufa. Hakikisha gari iko P au fri, handibreki iko juu, na mikono iko mbali na mikanda ya injini.

Na hata hapo, kuna kitu wengi hawaambiwi. Juu ya stata kuna kile kidude cha mviringo kinaitwa solenoidi. Kinafanya kazi 2: kinasukuma kile kigia kishike injini, na kinaunganisha umeme mzito wa betri na motor. Muunganiko huo unafanywa na vipande vya shaba ambavyo vinaungua kidogo kila ukiwasha gari. Ndani ya motor kuna kaboni ambazo pia zinaisha. Vitu hivi hubadilishwa. Kuna mafundi wa stata na oltaneta ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Kwa hivyo mara nyingi "stata imekufa" maana yake ni kipande kidogo cha shaba kimeisha. Ndiyo maana hufai kuacha stata yako ya zamani kwa gereji. Ni mali yako. Ibebe kwa mfuko.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe baridi. Kitu cha kwanza, kabla ya spana yoyote kugusa stata: toa waya wa hasi wa betri, ule mweusi, na uufunge kando usirudi kugusana. Hii si ya kujadili. Ule waya mnene unatoka moja kwa moja kwa betri, na kwa gari nyingi hauna fyuzi. Spana yako ikigusa huo waya na chuma ya gari kwa wakati mmoja, umeme unaopita ni wa kuyeyusha chuma, na pete kidoleni inaweza kukuchoma hadi mfupa. Toa pete, toa saa.

Kama lazima uingie chini ya gari, usiingie ikiwa imeshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi, na uweke mawe kwa magurudumu. Matofali ya ujenzi hayahesabiki, hupasuka bila kukuonya. Kama huna stendi, azima. Kama huna wa kuazima, hiyo siku si ya kuingia chini.

Piga picha za waya kabla ya kutoa chochote. Toa waya 2, kisha bolti, na uishike vizuri kwa sababu stata ni nzito kuliko inavyoonekana na itakuangukia usoni. Ukienda kununua, ama ni Kirinyaga Road kule watu bado huita Grogan au duka la spea mtaani kwenu, beba ile ya zamani. Linganisha matundu ya bolti, hesabu meno ya kigia, na mwambie muuzaji aijaribu na betri mbele yako. Inafaa isukume kigia nje na izunguke kwa nguvu. Akikataa kuijaribu, enda duka linalofuata.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa: bolti, waya, na ule mweusi wa betri mwisho kabisa. Safisha pale stata inapokaa, kwa sababu kwa gari nyingi athi ya stata inapitia hapo, na kutu itakufanya urudie kazi yote.

Najua mtasema nini. "Nitalipa tu fundi, muda wangu ni pesa." Sawa, lipa. Lakini kuna tofauti kati ya kulipa kwa sababu huna muda na kulipa kwa sababu huna habari. Mimi bado napeleka gari kwa fundi, na fundi mzuri namheshimu kuliko watu wengi wenye ofisi. Lakini sasa tunaongea lugha moja. Nikifika na kusema "betri inasoma 12.5, taa hazififii, nasikia TAK moja," haniambii hadithi. Na fundi mwaminifu hapotezi kitu mteja akijua kupima. Anayepoteza ni yule aliyekuwa anakula kwa ujinga wetu.

Wengine mtasema mnakaa flati na keateka hataki kuona spana kwa paking. Hiyo ni kweli, na huwezi kupigana na mwenye nyumba. Lakini kupima hakumwagi oili na hakuchukui nafasi ya mtu. Kazi ya spana peleka kwa kina shosho au kwa beste ambaye ana kiwanja.

Na kwa wasichana ambao wameambiwa hii ni kazi ya wanaume: kabla ya stata ya umeme, gari iliwashwa kwa kuzungusha chuma mbele ya injini, na ikirudi nyuma ilivunja watu mikono. Mwaka wa 1912, Cadillac walianza kuuza gari zenye stata ya umeme iliyotengenezwa na Charles Kettering na wenzake. Kuanzia hapo kuwasha gari hakukuhitaji misuli tena. Kifaa chenyewe kililetwa ili mtu awashe gari bila kuita mwenye nguvu. Ingekuwa ajabu kikiharibika uhitaji ruhusa ya mwanamume kukiangalia.

Kuna mahali mimi mwenyewe nasema hapana. Kuna injini ambazo stata imefichwa ndani kabisa. Ile V8 ya petroli ya Toyota Land Cruiser 100, kwa mfano, stata iko chini ya manifoldi ya kuingiza hewa, na unafungua nusu ya juu ya injini kuifikia. Hiyo ya mzee mwachie fundi wake. Na kama unasikia chuma ikisaga chuma ukiwasha, pengine meno ya injini yenyewe yameliwa, na stata mpya haitaponya hiyo.

Kwa hivyo usingoje asubuhi ya mahojiano. Jumapili hii, gari ikiwa inawaka vizuri, fungua bonneti. Tafuta stata iko wapi, fuata ule waya mnene kutoka betri hadi ufike. Pima betri, andika namba kwa simu. Shika bolti ya athi uone kama inacheza. Nusu saa, hakuna kitu umefungua, hakuna pesa umetumia. Siku itakataa kuwaka, utakuwa na namba za kulinganisha, na wewe ndiye utauliza maswali.