KIMA CHETU, PAKITI ZA WENGINE

Mwaka 1971, nyama ilipokuwa ghali huko Marekani, kampuni ya General Mills ilieneza madukani boksi liitwalo Hamburger Helper. Ndani mna tambi kavu na unga wa viungo. Nyama haimo. Mama hununua ratili moja ya kima buchani, akaikaanga, akatia maji na vilivyomo katika boksi, akafunika. Watu watano hula, na chombo cha kuosha ni kimoja tu. Tazameni ujanja wake: mfugaji ametoa nyama, mama ametoa moto na kazi, kampuni imetoa unga na chumvi, lakini jina lililo juu ya boksi ni la kampuni.

Wapo wazee wasemao kwamba chakula cha upesi ni chakula cha wavivu. Basi na wakaseme hivyo mbele ya mama wa Musoma aliyeshinda juani akianika dagaa, au yule wa Bunda anayetoka shamba la pamba magharibi, watoto wanalia njaa na kuni hazijapasuliwa! Maharage yataka saa nzima na zaidi. Kima na tambi vyataka kama dakika ishirini. Sisi twasema mama huyo ana haki ya kupumzika.

Swali letu ni moja: nani atamwuzia pakiti hiyo?

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliingia ubia na kampuni ya Liebig, wakaanzisha Tanganyika Packers, kiwanda chake kikawa Kawe, Dar es Salaam. Ng'ombe wa bara waliingia kiwandani, wakatoka ndani ya kopo, kopo likapanda meli. Baada ya Uhuru kiwanda kilikuja kuwa mali yetu, na mikononi mwetu kikafa. Leo viwanja vyake vyajulikana zaidi kwa mikutano ya injili. Hatuna ugomvi na injili, twasikitikia makopo. Na ng'ombe wa Mara hata sasa huvuka Sirari kuingia Kenya wangali hai, wakaondoka na ngozi, kwato na mifupa yao, yaani na kazi ya vijana wetu.

Hatuombi kiwanda kikubwa kingine. Pakiti haina nyama, kwa hiyo haihitaji barafu. Yahitaji ukavu na usafi. Viazi vitamu vilivyokatwa vyembamba na kuanikwa, nyanya kavu, vitunguu, chumvi: kipi hapo kinachotushinda? Kima ndicho cha kuangaliwa, maana huharibika upesi kuliko nyama ya kipande. Bucha iwe na mashine safi, nyama isagwe mbele ya mnunuzi, ipikwe siku ileile.

SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama hivi. Butiama kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu. Wataalamu wake na wapime ni viazi vya unene gani vinavyoiva pamoja na kima bila kumaliza kuni, na akina mama wa matawi waonje kabla ya mtu yeyote kuchapa maboksi. Bei nayo isemwe mapema, kwa sababu pakiti ikizidi bei ya nusu kilo ya kima, hakuna mama wa Bunda atakayeinunua.